Uliza Ujibiwe: Kidokezo cha fumbo, kukisuka na kukifumua

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu chemshabongo ya fumbo. Ile ya kawaida kila mtu anaijua: unaambiwa "mfalme wa nyika", unajaza SIMBA, basi. Ya fumbo inakuletea sentensi nzima inayosema jambo moja usoni na jingine chini yake. Namba iliyo kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. Majibu tumeyaandika kwa herufi kubwa.

Swali (Tanga): Kidokezo kilisema "Samaki huvurugika msimu wa mvua kubwa (6)". Nimekaa nacho siku tatu nikitafuta jina la samaki. Jibu likatoka MASIKA. Samaki wameingiaje hapo?

Wameingia kama herufi, si kama samaki. Kila kidokezo cha fumbo kina sehemu mbili, na zote mbili zinafika kwenye jibu lile lile kwa njia tofauti. Moja ni maana, sawa na ile ya chemshabongo ya kawaida. Ya pili ni ufundi, yaani maelekezo ya kulijenga jibu herufi kwa herufi. Hapa maana ni "msimu wa mvua kubwa". Ufundi ni "samaki huvurugika": chukua S-A-M-A-K-I, vuruga, upange upya, utapata M-A-S-I-K-A. Neno "huvurugika" tunaliita ishara, kwa kuwa ndilo linalokuambia ufanye nini na herufi.

Hesabu maneno ya kidokezo hicho. Hakuna hata moja lililobaki bila kazi. Kilichokupoteza ni kuisoma sentensi kama habari: ukaona mto umejaa matope, samaki wanahangaika, ukaanza kutafuta changu na kibua. Picha hiyo imewekwa makusudi. Mfumbuzi huisoma mara moja, kisha huivunja vipande.

Shika jambo moja ambalo litakuokoa siku nyingi: maana hukaa mwanzoni kabisa mwa kidokezo au mwishoni kabisa. Haikai katikati.

Ufundi huu ulikulia Uingereza. Chemshabongo ya maneno ya Arthur Wynne, iliyotoka katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ilikuwa na vidokezo vya kawaida. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers, kwa jina la kalamu Torquemada, akaanza kutungia gazeti la The Observer vidokezo vya fumbo. Derrick Macnutt, aliyejiita Ximenes, alimrithi hapo mwaka 1939, naye ndiye aliyeshikilia kanuni tunayoifuata kwenye ukurasa huu: maana iwe sahihi, ufundi uwe wa haki, na kisizidi kitu kingine.

Swali (Nakuru): Nikishajua kuna maana na ufundi, naanzia wapi? Kila kidokezo naona giza.

Usianze na 1 mlalo kwa sababu tu ndicho cha kwanza. Pitia orodha yote ukitafuta vidokezo vyenye ishara za kuficha: "ndani ya", "yumo katika", "ameficha". Hivyo ndivyo vyepesi kuliko vyote, maana jibu limeshaandikwa mbele ya macho yako. Tazama hiki:

"Sote, mbona tumemficha mnyama mwenye mkonga? (5)"

Anza na kingo mbili. Je, "sote" inaweza kuwa maana? Ni vigumu. "Mnyama mwenye mkonga" inafaa, na ana majina mawili ya herufi tano, NDOVU na TEMBO. Mwenye haraka hujaza NDOVU kisha akaharibu kona nzima. Subiri ufundi useme. "Tumemficha" inauliza: nani kamficha? "Sote mbona". Ondoa nafasi kati ya maneno hayo mawili: soTEMBOna. Sasa andika kwa wino.

Baada ya hapo tafuta ishara za kukata. "Chai iliyokatwa kichwa ingali na uhai (3)": CHAI ikipoteza herufi ya kwanza inabaki HAI, na maana ni "na uhai". Halafu ishara za kumeza, kukumbatia na kuzunguka, ambazo hukuambia neno moja liingie tumboni mwa jingine. "Penye ibada, mti umemeza siki (7)": MTI unafunguka, SIKI inaingia, M-SIKI-TI.

Ishara za kuvuruga acha zifuate, maana zinataka karatasi ya pembeni. Ziko nyingi: koroga, lewa, raruka, tikisika, sambaratika, pangua, suka upya. Usizungushe herufi ovyo kichwani. Andika konsonanti mstari mmoja na irabu mstari wa pili. SAMAKI inakupa S, M, K juu na A, A, I chini. Kwa kuwa maneno yetu mengi hutembea konsonanti-irabu, konsonanti-irabu, konsonanti hizo zina mipangilio 6 na irabu zina 3, jumla ni maumbo 18 tu ya kujaribu. Unayamaliza kabla chai haijapoa. Neno lenye mb, nd, ch au mw litakutoka kwenye hesabu hiyo, kwa hiyo ukiona M na B pamoja, zifunge kwanza ziwe kitu kimoja ndipo uhesabu.

Swali (Unguja): Nilitunga "Kitabu kimevurugika (6)". Rafiki yangu kajaza KATIBU, mke wangu KABUTI, na mimi nilitaka TIBUKA. Nani kapatia?

Wote watatu, na hapo ndipo kasoro ilipo. Kidokezo chako kina ufundi bila maana. Kwa Kiswahili upungufu huo unaumiza kuliko lugha nyingine, kwa sababu maneno yetu yanajengwa kwa konsonanti chache na irabu tano, na herufi zile zile hurudi kwa sura nyingi. SAMAKI peke yake inazaa MASIKA, MAKASI na KAMASI.

Kabla ya kuchapisha kidokezo cha kuvuruga, pitia maumbo yote uone kama kuna neno jingine la kamusi humo. Ukilikuta, si lazima ukitupe kidokezo. Hakikisha tu maana inalifungia nje. "Kitabu kimeraruka, mwandishi wa kikao! (6)" ni KATIBU, haiwezi kuwa koti. "Katibu aliyelewa avaa koti zito (6)" ni KABUTI. Kwa TIBUKA uliyoitaka, jaribu hiki: "Vurugika, katibu mlevi! (6)". Hapo "vurugika" inaonekana kama ishara, kumbe ndiyo maana, na ishara ni "mlevi". Mfumbuzi atazunguka, lakini akifika hatadai amedhulumiwa.

Kuna kosa la pili tulilolikuta kwenye barua kadhaa: kuvuruga neno ambalo halijaandikwa. Mtu anaandika "Kiumbe wa majini akivurugwa ni msimu wa mvua", akitarajia tuwaze SAMAKI ndipo tuivuruge. Msomaji angeanza na kamba, pweza, papa, nguru, kasa, na kila kimoja akivuruge? Ukitaka kuvuruga, weka herufi zote mezani.

Swali (Mombasa): Kwa Kiingereza wanageuza neno nyuma mbele kila mara. Mimi nikigeuza napata takataka tu. Nakosea wapi?

Hukosei popote. Karibu kila neno letu linaishia na irabu, kwa hiyo likigeuzwa herufi kwa herufi linaanza na irabu, na la konsonanti mwanzoni linaishia na konsonanti, umbo ambalo Kiswahili hakilipendi. Yanayofaulu ni yale yaliyo na irabu pande zote mbili, nayo ni machache. AMANI ikigeuzwa ni INAMA, ndiyo maana ya "Amani irudipo, pinda mgongo (5)". INUA ikigeuzwa ni AUNI, yaani msaada. Ukiokota jozi kama hizo zihifadhi daftarini, hazipatikani kila siku.

Lakini pwani ina mchezo wake wa kugeuza, tena wa zamani: kinyume. Unachukua silabi ya mwisho ya neno na kuitanguliza mbele. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliunakili Unguja katika karne ya 19, ukitumika kuficha mazungumzo. Huo ndio utaratibu unaolingana na maumbile ya lugha. Maneno ya silabi mbili yanakupa hazina:

"Lima kinyume upate utajiri (4)". LI-MA inakuwa MA-LI.

"Kinyume, radi humwongoza nahodha (4)". RA-DI inakuwa DI-RA.

TATU inakuwa TUTA, lile la kupandia viazi. BARA inakuwa RABA. CHAKI inakuwa KICHA, na hapa utaona uzuri wa silabi: CH imehama nzima bila kukatika.

Kwenye ukurasa wetu tumeweka utaratibu ili mfumbuzi asibahatishe. Ishara "kinyume" maana yake ni silabi. "Rudi", "geuka" na "tazama nyuma" maana yake ni herufi. Katika vidokezo vya wima unaweza kutumia "panda" au "inuka" kwa kugeuza herufi, kwa kuwa jibu linasomwa kwenda chini. Usitumie ishara hizo kwenye mlalo. Neno lililolala halipandi.

Swali (Dodoma): Watunzi wa Kiingereza wana vifupisho vya herufi moja moja kwa kila kitu. Sisi tuna nini?

Dira ndiyo ya kwanza kutuangusha: kaskazini na kusini zote zinaanza na K, mashariki na magharibi zote na M. Achana nayo. Tarakimu za Kirumi zinafaa kwa kiasi: I ni moja, V ni tano, L ni hamsini, D ni mia tano, M ni elfu. C inatumika palipo na H tu, na X haina kazi. M ndiyo tajiri, kwa kuwa maneno mengi yanaanza nayo: "Elfu, tia jembe palipoinuka (5)" ni M na LIMA, MLIMA.

Utajiri wetu mkubwa uko kwenye silabi. Noti za muziki, do, re, mi, fa, so, la, ti, ni silabi kamili za Kiswahili, utafikiri zilitungwa kwa ajili yetu. Tazama: "Noti ndani ya vazi la Kihindi kwa mwendo mrefu (6)". Msomaji anaona shilingi iliyofungwa kwenye pindo la nguo. Noti ni FA, vazi ni SARI, na FA ikiingia ndani inatoka SA-FA-RI.

Viambishi vya nafsi ndivyo tunavyovipenda zaidi, kwa sababu kila mzungumzaji anavijua bila kufundishwa. Mimi ni NI, wewe ni U, yeye ni A, sisi ni TU, ninyi ni M, wao ni WA. "Sisi 2 huiba mahindi shambani (7)": TU na MBILI, TUMBILI. "Wao lakini wana dosari (8)": WA na LAKINI, WALAKINI. Hiki cha pili kinasomeka kama maneno ya kawaida kabisa ya mtu anayelalamika barazani, na hiyo ndiyo sifa ya kidokezo kizuri.

Ongeza SI kwa kukanusha. "Mchezo wa turufu si kitu cha kuandikia (8)": KARATA na SI, KARATASI.

Swali (Morogoro): Mbona hamtumii vidokezo vya sauti, maneno mawili yanayosikika sawa?

Kiswahili kinaandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo maneno mawili ya tahajia tofauti yenye sauti moja karibu hayapo. Yanayobaki ni DHANA na ZANA, THAMANI na SAMANI, KURA na KULA, na hayo yanasikika sawa kwa baadhi ya wasemaji tu. Mwenye kutenganisha dh na z atasema kidokezo ni batili, na atakuwa na haki. Tena kidokezo cha namna hiyo hugeuka kuwa kejeli ya lafudhi ya watu. Hatukichapishi.

Swali (Kisumu): Kidokezo changu cha TEMBO kilirudishwa: "Anaishi mbugani na linanywewa (5)". Kina maana mbili sahihi. Kosa ni nini?

Maana zote mbili ni sahihi, na wazo ni zuri sana: hapa maana ya pili inashika nafasi ya ufundi. Kilichokuangusha ni ngeli. "Anaishi" inatangaza kiumbe, "linanywewa" inatangaza kitu cha LI-YA, na msomaji anayejua sarufi yake anaona mara moja kuwa jibu ni neno lenye ngeli mbili. Yako mangapi? Umempunguzia kazi nusu. Tena sentensi yenyewe inakwaruza sikio, haijulikani nani anasema nini.

Hili ndilo tatizo linalomsumbua mtunzi wa Kiswahili peke yake: upatanisho hufichua jibu. Kila kiambishi unachoandika kinatoa siri. Njia za kulikwepa ziko tatu, na ya kwanza inatosha mara nyingi. Tumia hu- ya mazoea, kwa sababu haibebi kiambishi cha nafsi wala cha ngeli. Tazama vidokezo vilivyotangulia: "huiba mahindi shambani", "humwongoza nahodha". Chako kinakuwa "Huishi mbugani, hulewesha (5)", na hakuna aliyejua ngeli. Pili, weka nomino nyingine mbele ili upatanisho uifuate hiyo, si jibu: "Windo la jangili, mazao ya mgema (5)". Tatu, chagua nomino ambayo kiungo chake kinaficha mpaka wa maana mbili. "Mfugo wa kukunia nazi (5)" ni MBUZI, yule wa zizini na yule wa jikoni mwenye meno ya chuma. "Wa" imeambatana na "mfugo" na imefunika mshono wote.

Kwa vitenzi, jibu tunaliandika bila ku-, na maana huwekwa kama amri: "pinda mgongo" kwa INAMA, "tenga" kwa NYANYAPAA. Ukiandika "kupinda mgongo", jibu lianze na KU-. Kosa hili dogo limerudisha vidokezo vingi.

Swali (Arusha): Naomba mnionyeshe kidokezo kimoja kinavyozaliwa, tangu neno tupu mpaka sentensi.

Tuchukue hiyo hiyo NYANYAPAA, herufi tisa. Kwanza tunaikata kila mahali inapokubali: NYA-NYAPAA, NYANYA-PAA. Mkato wa pili unatoa maneno mawili kamili, kwa hiyo tunaunga, hatuhangaiki kuvuruga.

Sasa kila kipande kiandikiwe maana zake zote, maana upotoshaji unatoka hapo. NYANYA: kiungo cha mchuzi, bibi, mama wa mzazi. PAA: kifuniko cha nyumba, swala mdogo, ruka juu angani, toa magamba ya samaki. Neno zima: tenga mtu kwa kumwogopa au kumdharau, hasa kwa ugonjwa.

Jaribio la kwanza: "Kiungo cha mchuzi, kifuniko cha nyumba, kumtenga mgonjwa". Ufundi ni sahihi, lakini ni vipande vitatu vya matofali bila udongo. Hakuna picha. Tena "kumtenga" imevunja kanuni ya kitenzi.

Jaribio la pili: "Bibi ruka juu ubague". Kuna sentensi, ila haina akili, na "ubague" si amri ile ile ya "nyanyapaa".

La tatu tunapeleka maana mbele: "Tenga". Neno hilo lina bahati, kwa kuwa "tenga" ni kubagua na pia ni kuachanisha vitu viwili. Basi tumpe vitu viwili vya kuachanisha: "Tenga bibi na swala mdogo (9)". Maneno matano. "Na" ni kiunganishi halali kati ya vipande vya kuunga. Tungeandika "swala" peke yake kingekuwa kifupi zaidi, lakini paa ni swala wa aina moja tu, mdogo, na haki inataka "mdogo" ibaki.

Mwisho tunakisoma kwa sauti, kisha tunafunika jibu na kurudi kinyumenyume: kila neno lina kazi? Tenga, maana. Bibi, NYANYA. Na, kiungo. Swala mdogo, PAA. Kimepita.

Kwa kulinganisha, kipo kimoja kilichotumwa kwetu kwa KABUTI: "Katibu alilewa jana akasahau koti lake zito nyumbani (6)". Hadithi ni nzuri, lakini "jana", "akasahau", "lake" na "nyumbani" hazifanyi kazi yoyote. Mfumbuzi atakaa robo saa akitafuta wapi NYUMBANI inaingia. Kata mpaka mfupa.

Swali (Bagamoyo): Nimeona "Kila alfajiri, hata alasiri, wazee aghalabu huanza nayo (6)". Maana iko wapi?

Yote ni maana, na yote ni ufundi. "Huanza nayo" inasema maneno yaliyotangulia yanaanza na jibu: Kila, Alfajiri, Hata, Alasiri, Wazee, Aghalabu. KAHAWA. Isome tena sasa kama sentensi ya kawaida, nayo inaelezea kahawa ya barazani barabara. Kidokezo kinachojielezea chote namna hii ni kigumu kutunga, na huwezi kukilazimisha. Ukijaribu na neno moja litaonekana limebanwa, rudi kwenye ufundi wa kawaida bila kujuta.

Swali (Kigoma): Nachora jedwali la 15 kwa 15 kama ya Kiingereza, lakini wafumbuzi wanasema hata wakijaza nusu hawasaidiki. Kwa nini?

Kwa sababu umewapa irabu. Katika jedwali la kawaida safu za namba shufwa na nguzo za namba shufwa zinapokutana huwa ni visanduku vyeusi, jumla 49, na kila neno hukatwa na mengine kwenye herufi moja ndiyo, moja hapana. Kwa maneno yetu hilo lina matokeo makubwa. MASIKA ikianzia kwenye kisanduku kinachokatwa, mfumbuzi atapewa M-S-K, nayo inabakiza maneno machache tu kama MASIKA, MISUKO na MASUKE. Ikisogea kisanduku kimoja, atapewa A-I-A: MASIKA, KATIBA, TAPIKA, BAKIZA, PAKIZA, na mengine mengi. Herufi tatu zimejazwa na hajapata kitu.

Kwa hiyo, panga maneno yanayoanza na konsonanti yaanzie nguzo za namba witiri. Mtego wa kawaida ni safu yenye maneno ya herufi 6 na 8: neno la herufi 6, kisanduku cheusi nguzo ya 7, halafu neno la herufi 8 linaanzia nguzo ya 8, na lote linakatwa kwenye irabu. Weka vyeusi viwili, nguzo ya 7 na ya 8, kisha neno la herufi 7 kuanzia nguzo ya 9. Herufi yake ya mwisho itagusa ukingo wa kulia, na itakuwa irabu. Ndiyo maana ukingo wa kulia na ule wa chini unafaa maneno yanayoanza na irabu: ELIMU, UHURU, ASALI, AKILI. Irabu zao zinaangukia visanduku vya kwanza, cha tatu na cha tano, pale pale yanapoishia maneno ya upande wa pili.

Ulinganifu uhifadhi: ukiligeuza jedwali juu chini, vyeusi vikae pale pale. Anza kujaza kingo hizo mbili kabla ya katikati, kwa sababu ndiko kunakokwama. Tumia maneno ya kamusi na wingi wake. Kitenzi chenye nafsi na wakati, kama ANAPIKA, ni sentensi, kiache. NG'OMBE ihesabiwe herufi 6, kiritifaa hakina kisanduku.